Sentensi ya mshangao si kila yenye alama ya hisi

Mpwa wangu anasoma Gredi ya 7 huko Tulia, Kaunti ya Kitui. Novemba iliyopita, nilipokwenda kuwaona, alinifungulia daftari lake la Kiswahili. Walikuwa wameambiwa watunge sentensi tatu za mshangao, naye akaandika: "Tulia!", "Kumbe umefika!" na "Mvua ilivyonyesha!" Mbili za kwanza zilitiwa vema. Ya tatu ilizungushiwa kalamu nyekundu na pembeni kukaandikwa: haijakamilika, kitenzi kikuu kiko wapi?

"Mjomba," akaniuliza, "hii ya tatu imekosa nini?"

Nilimwambia haijakosa kitu. Katika zote tatu, hiyo ndiyo sentensi ya mshangao ya kweli, na zile mbili zilizopewa vema ni mambo mengine. Mwalimu simlaumu. Amefundisha kama sisi sote tulivyofundishwa: ukiona alama ya hisi mwishoni, hiyo ni ya mshangao. Kosa liko kwenye istilahi yenyewe, ambayo tumeiacha ibebe mizigo mitatu kwa wakati mmoja.

Tuanze na "Tulia!" Mtoto wa Tulia kuchagua neno hilo si ajabu, maana analiona kwenye kibao kila akienda shule. Lakini "tulia" ni amri. Anayeisema anataka jambo litendeke, hashangai chochote. Alama ya hisi hapo inaonyesha ukali wa sauti tu. Ukiifuta ukaweka nukta, amri inabaki amri.

"Kumbe umefika!" inakaribia zaidi, ila nayo ina kazi yake. "Kumbe" hutangaza kwamba msemaji amegundua jambo ambalo hakulijua, au alilidhania kinyume. Mtu amefika au hajafika, hakuna kufika sana wala kufika kidogo. Mimi ningeiita hii kauli ya ugunduzi. Ina mshangao ndani yake, ni kweli, lakini ni mshangao wa kupata habari.

Sasa "Mvua ilivyonyesha!" Hapa hakuna habari mpya. Msemaji na msikilizaji wote wanajua kwamba mvua ilinyesha, pengine wote wawili bado viatu vina matope. Kinachosemwa ni kiwango: imenyesha kupita ilivyotarajiwa, na kiwango hicho hakitajwi. Hatuambiwi ni saa ngapi wala ni ndoo ngapi zilijaa. Tunaachiwa tujaze wenyewe. Ukambani, ambako mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi na wakulima wa ndengu na mbaazi, sentensi hiyo inabeba mengi kuliko "mvua ilinyesha sana".

Wanaisimu wana majaribio yao ya kuitambua sentensi ya namna hii. Raffaella Zanuttini na Paul Portner waliyaeleza vizuri katika makala yao ndefu ya mwaka 2003, na yanafaa kwa Kiswahili bila kulazimishwa. La kwanza ni kwamba jambo lenyewe lazima liwe limekubaliwa kuwa kweli. Hakuna anayeweza kusema, "Sijui kama ilinyesha, lakini ilivyonyesha!" La pili ni kwamba kiwango lazima kiwe cha juu. Jaribu kusema "Mvua ilivyonyesha, ila kidogo tu!" uone kama kuna atakayekuelewa. La tatu ni kwamba sentensi hiyo haijibu swali. Mtu akiuliza, "Je, jana mvua ilinyesha?" ukamjibu, "Ilivyonyesha!", atakuona kama umemkata kauli, kwa sababu umerukia mshangao kabla ya kumpa jibu lake.

Ukitaka kuisikia sentensi hii ikiwa hai, keti sokoni. Siku ileile mama mmoja mzee aliyekuwa akipima ndengu kwa kopo alimwona mpwa wangu, akaweka kopo chini, akamshika mabega yote mawili. "Woi! Vile umekua!" Dada yangu akaitika, "Ni kweli, mwaitu." Hakusema "asante kwa habari", wala hakuuliza "umejuaje?" Aliitika jambo ambalo wote wawili walikuwa wakiliona kwa macho, na aliitika kile kiwango. Yule mama alikuwa na kipimo chake moyoni, yaani kimo cha mtoto siku ya mwisho alipomwona, na kimo cha leo kilikuwa kimekivuka. "Woi!" peke yake ni kihisishi, neno la hisia lisilo na muundo wowote ndani yake. "Vile umekua!" ni sentensi. Vitu viwili hivyo hufuatana mara nyingi, ndiyo maana tunavichanganya.

"Vile umekua" ndivyo tunavyosema Kenya. Kiswahili sanifu kitasema "ulivyokua" au "jinsi ulivyokua". Muundo ni uleule: kishazi tegemezi, chenye kirejeshi cha namna, kilichosimama peke yake kama sentensi nzima. Mwalimu wa mpwa wangu aliona sawasawa kwamba "ilivyonyesha" ni kishazi tegemezi. Alichokosea ni kudhani kwamba kishazi tegemezi hakiwezi kamwe kujitegemea. Katika mshangao kinaweza, na nguvu yake inatoka hapohapo. Kirejeshi huchukulia kwamba jambo limekwisha kujulikana, na kwa kuwa hakuna kitenzi kikuu kinachotoa taarifa, kinachobaki mbele ya msikilizaji ni kile kiwango tu.

Mambo haya hayako kwetu peke yetu. Kikatalani, lugha ya Barcelona, ya visiwa vya Mallorca na Menorca na ya nchi ndogo ya Andorra, kimechunguzwa sana upande huu. Mwaka 2006 Elena Castroviejo alitoa tasnifu nzima kuhusu sentensi za mshangao za lugha hiyo katika Chuo Kikuu cha Barcelona. Mkatalani akimwona msichana aliyerefuka husema "Que alta que és!" Neno la kwanza linafanana na la kuulizia, lakini tahajia yao inayatenga: la swali huandikwa "què", lina alama juu ya irabu, na la mshangao huandikwa "que" bila alama. Kisha inakuja "que" ya pili, ile inayofungua kishazi tegemezi. Yaani Mkatalani naye, akitaka kushangaa, huchukua kishazi tegemezi akakisimamisha peke yake. Yule mama wa Tulia na bibi wa Mallorca hawajapata kusikiana, lakini wamejenga kwa matofali ya aina moja.

Wakatalani wana njia nyingine: "Quina nena més alta!" Hapo "quina" ni "gani". Kiswahili hakifuati njia hiyo moja kwa moja. Ukisema "Mtoto gani huyu!" umemlaumu, hujamsifu. Sisi tuna chombo chetu, nacho ni kizuri mno: kiambishi cha swali "-je" kikiungwa na kirejeshi. Furaha iliyoje! Uzuri ulioje! Maajabu yaliyoje! Swali na urejeshi vimeshikana ndani ya neno moja, na upatanisho wa ngeli umehifadhiwa. Ni muundo wa barua, hotuba na mashairi zaidi kuliko wa sokoni, na nasikitika kwamba vitabu vingi vya shule huupitia kwa mstari mmoja.

Kuna jambo moja la ukanushi ambalo limenikalisha siku kadhaa. Huwezi kushangaa kwa kusema "Mtoto huyu asivyo mrefu!" Masikio yanakataa. Lakini "Mtu huyu asivyo na haya!" inakubalika kabisa, na kila mtu ameshawahi kuisema. Kutokuwa na haya ni sifa inayopimika yenyewe, kuna kukosa haya kidogo na kuna kukosa haya kupindukia. Kutokuwa mrefu hakutupi kipimo cha kupanda, tunasema tu "alivyo mfupi!" Kiwango ndicho kinachoamua, hata pale penye kikanushi.

Je, tubadilishe istilahi? Nimesikia pendekezo la "sentensi staajabishi". Silipendi, kwa sababu mnyambuliko huo unamaanisha sentensi inayomstaajabisha mtu, ilhali anayestaajabu hapa ni msemaji. "Sentensi ya mshangao" ni jina sahihi na watu wamelizoea. Libaki, lakini lipewe mpaka: ni sentensi yenye muundo wake maalumu, kama vile "alivyo", "jinsi alivyo" na "iliyoje", inayochukulia jambo kuwa la kweli na kustaajabia kiwango chake. Neno kama "woi" au "lo" liitwe kihisishi, kama linavyoitwa sasa. Alama yenyewe iitwe alama ya hisi, na isitumiwe kama kitambulisho cha aina ya sentensi, kwa kuwa huwekwa pia kwenye amri, wito na kauli za "kumbe".

Nawaomba walimu jambo dogo. Mwanafunzi akiandika "Vile amekua!", msahihishe aandike "Alivyokua!" ikiwa mtihani unataka Kiswahili sanifu. Lakini msimwambie kwamba sentensi yake haijakamilika. Imekamilika.