Pointi za sataranji kwa telefone: namna zinahesabiwa na namna ya kuzipandisha

Kakontwe, mjini Likasi, inajulikana zaidi kwa mawe yake ya chokaa. Wataalamu wa jiolojia walifika mpaka kuita tabaka zima la mawe ya Katanga kwa jina hilo. Lakini jioni, courant ikiwa iko, kijana wa kule anaweza kukaa mbele ya nyumba yao, kufungua telefone na kupambana na mtu wa India ama wa Brazil kwenye ubao wa nyumba 64. Mchezo ni sataranji, ule wengi huku kwetu wanauita kwa Kifaransa échecs. Kisha dakika kumi, namba iliyo kando ya jina lake inapanda ama inashuka. Ile namba ndiyo inakosesha wengi usingizi, na ndiyo inakula mega zao.

Namba ile ni nini

Aliyeipanga ni Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungaria na kuishi Marekani. Shirikisho la dunia la sataranji, FIDE, liliikubali mwaka wa 1970, na mpaka leo watu wanasema "Elo" wakitaka kusema pointi za mchezaji.

Wazo lake ni rahisi. Namba haipimi akili ya mtu. Inasema tu ni matokeo gani yanategemewa mbele ya mtu fulani. Wachezaji wawili wakiwa na pointi sawa, kila mmoja anategemewa kupata nusu ya matokeo. Mmoja akimzidi mwenzake kwa pointi 200, anategemewa kupata karibu asilimia 76. Akimzidi kwa 400, karibu 91.

Kutoka hapo hesabu inafuata. Tuseme mchezo mmoja unaweza kubadilisha mpaka pointi 20. Mwenye 1200 akishinda mwenye 1200, anapata 10. Akishinda mwenye 1400, anapata kama 15. Akishindwa naye, anapoteza 5 tu. Lakini akishindwa na mwenye 1000, 15 zinakwenda. Ndiyo maana kutafuta wadogo ili kuwapiga hakusaidii sana: faida ni ndogo, hasara ni kubwa.

Lichess na Chess.com hazitumii hesabu ya Elo yenyewe. Zinatumia ile ya Mark Glickman, Mmarekani mtaalamu wa takwimu, inayoitwa Glicko. Hiyo inaongeza kitu kimoja: kiasi cha mashaka. Mchezaji mpya hajulikani bado, kwa hiyo namba yake inaruka sana, juu na chini. Akizoea kucheza, inatulia. Mtu asiogope akipoteza pointi nyingi wiki ya kwanza, na asijisifu pia akizipata.

"Yaya, niko 1500!" Swali la kwanza la kuuliza ni: wapi? Kwa Lichess kila mtu anaanzia 1500, hata yule aliyejifunza mchezo jana. Namba za Lichess mara nyingi ziko juu kuliko za Chess.com kwa mchezaji yule yule. Na kila aina ya mchezo ina namba yake: wa dakika moja, wa dakika tatu ama tano, na wa dakika kumi na zaidi.

Sababu ya kubaki palepale

Mtu akicheza na wenzake wa kiasi chake, programu inampa wapinzani wa pointi karibu sawa. Akishinda tano na kushindwa tano, anarudi alipoanzia. Kwa hiyo anaweza kucheza michezo mia tatu kwa mwezi na namba isisogee. Mega zimeisha, telefone imezimika, na ujuzi ni ule ule. Kucheza kunaonyesha ujuzi. Kunaongeza kidogo tu kama mtu harudi kuangalia alikosea wapi.

Kuna pia usiku wa hasira. Mtu anashindwa mara tatu, anasema: "Siendi kulala mpaka nirudishe pointi zangu." Anacheza haraka, anaacha malkia aliwe bure, na anapoteza nyingine mia. Wachezaji wenye uzoefu wana sheria moja: kushindwa mara mbili mfululizo, basi, telefone inawekwa pembeni mpaka kesho.

Kazi inayopandisha

Ya kwanza ni kuacha kutoa kete bure. Kwa wachezaji wadogo, michezo mingi haiamuliwi na mipango mikubwa. Inaamuliwa na farasi ama ngome iliyoachwa bila mlinzi. Kabla ya kusogeza, mchezaji ajiulize mambo matatu: mpinzani anaweza kutishia mfalme? Anaweza kula nini? Anatayarisha nini? Tabia hii peke yake inaweza kuleta pointi nyingi kuliko kitabu kizima.

Ya pili ni mafumbo. Ni picha za ubao ambapo kuna njia ya kushinda, na mchezaji anaitafuta. Kule anajifunza farasi kugusa kete mbili kwa mara moja, ama askofu kubana ngome iliyo mbele ya mfalme wake. Kwa Lichess mafumbo hayana mpaka wala malipo. Mafumbo kumi yaliyofikiriwa vizuri yanapita mia ya kubahatisha.

Ya tatu ni mwisho wa mchezo. Mfano mmoja wa lazima: mfalme na pioni mbele ya mfalme peke yake. Mfalme mweupe akiwa e6, pioni yake e5, na mfalme mweusi e8, mweupe anashinda hata zamu ikiwa ya nani. Siri ni mfalme kutangulia mbele ya pioni. Wengi wanaisukuma pioni haraka, na mchezo unaisha sare.

Ya ine ni mwanzo wa mchezo, lakini kidogo tu. Kuchukua katikati ya ubao, kutoa farasi na maaskofu, kuficha mfalme. Kujua pia mtego wa kale: mweupe anasogeza pioni e4, mweusi anajibu e5, malkia anaruka h5, askofu anafika c4, na wote wanatazama f7. Mweusi akiisha kulinda e5 kwa farasi c6, anasogeza pioni g6, malkia anarudi, na shida imekwisha.

Ya tano ni kupitia michezo iliyopotea. Kwanza kwa macho, bila mashine: ni wapi mambo yaliharibika? Kisha ndiyo kufungua Stockfish, programu ya bure inayoonyesha makosa. Anayefungua mashine mara moja anaona jibu, lakini kesho analisahau.

Courant, mega na mtandao

Sataranji yenyewe inakula mega kidogo, kwani kinachosafiri ni mwendo wa kete tu. Video za mafundisho ndizo zinamaliza forfait. Lichess, iliyoanzishwa mwaka wa 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, ni ya bure kabisa na haina matangazo. Programu yake ya telefone inaruhusu kucheza na mashine bila intaneti, na kuweka mafumbo ya kufanya baadaye.

Mtandao ukikatika katikati ya mchezo, saa inaendelea kuhesabu. Wenye mtandao wa kusumbua waache michezo ya dakika moja, wachague ile mirefu, ama ile ambayo kila mwendo unapewa siku nzima ama zaidi. Hiyo haiogopi courant kukatika.

Na kuna ubao wa karatoni. Vifuniko vya chupa vinavyotumika kwa mchezo wa dama vinaweza kuandikwa mfalme, malkia, ngome. Mchezo wa uso kwa uso hauli mega hata moja, na mwenzako anaweza kukuonyesha kosa palepale.

Udanganyifu

Kutumia mashine kuchagua mwendo wakati wa mchezo wenye pointi ni wizi. Lichess na Chess.com zinachunguza michezo na kufunga akaunti za wanaofanya hivyo. Hata kabla ya kushikwa, mdanganyifu amejifunga mwenyewe: namba imepanda mahali asipoweza kucheza bila msaada.

Namba inafikisha wapi

Pointi za telefone hazitoi cheo. Vyeo vinatolewa na FIDE kwa michezo ya uso kwa uso. Cheo cha juu kabisa, bingwa mkubwa, kinadai matokeo maalum kwenye mashindano na pia kufika pointi 2500.

Mfano uko karibu na Likasi. Amon Simutowe alizaliwa Ndola, Zambia, ng'ambo ya mpaka, katika ukanda huu huu wa shaba. Mwaka wa 2000 alishika nafasi ya pili katika mashindano ya dunia ya vijana. Mwaka wa 2007 alikamilisha matokeo yaliyotakiwa, lakini pointi zilikuwa bado kufika 2500. Cheo alikipata mwaka wa 2009, wa kwanza Afrika kusini ya Sahara. Hata yeye alingojea namba. Uganda, Phiona Mutesi aliyefundishwa na Robert Katende huko Katwe, Kampala, alipata cheo mwaka wa 2012. Maisha yake yakawa filamu mwaka wa 2016.

Kwa mchezaji wa Kakontwe mwenye saa moja kwa siku, mpango wa kawaida unaweza kuwa huu: dakika ishirini za mafumbo, mchezo mmoja wa dakika kumi kila upande, na zinazobaki kuupitia. Namba aiangalie mara moja kwa mwezi, si kila jioni.