Wasomaji: Kitabu, Ukoo na Mapito katika Kumjenga Mkristo wa Buhaya

Katika Buhaya ya mwanzo wa karne ya ishirini, mtu aliyeacha matambiko ya jadi na kujiunga na wafuasi wa Kristo hakuitwa kwanza Mkristo. Aliitwa msomaji. Kwa Kihaya watu hao walikuwa abashomi, na jina hilo lilitoka Buganda, ambako wote walioshika dini za kitabu, Waislamu kwa Wakristo, waliitwa abasomi. Neno lenyewe lilikuwa limesafiri kutoka pwani pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili. Hivyo neno la Kiswahili lilipanda hadi kwa Kabaka, kisha likashuka upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria likiwa limebeba maana pana zaidi, maana kusoma sasa kulikuwa pia kusali, kufundishwa na kuhesabiwa kuwa mtu wa namna nyingine.

Inafaa jambo hili likumbukwe na kila anayetaka kuelewa historia ya usharika wa Kilutheri katika nchi hii, ukiwamo huu unaoadhimisha miaka mia moja. Historia nyingi za sharika huanza na mmisionari anayewasili na sanduku lake. Kwa Buhaya mwanzo huo haukubaliki. Ernst Johanssen na wenzake wa Misioni ya Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910, walikuta watu ambao tayari walikuwa wanakusanyika, wanasoma na wanaomba. Walikuwa kama yule towashi wa Kushi katika kitabu cha Matendo, ambaye Filipo alimkuta garini chuo kikiwa tayari kimefunguliwa mbele yake.

Kitabu chao kilikuwa cha Kiganda. Biblia nzima ya lugha hiyo ilikamilika mwaka 1896 kwa kazi ya George Pilkington na wasaidizi wake Waganda, ambao mashuhuri kati yao alikuwa Henry Wright Duta. Ilichapishwa kwa umbo jembamba na nene, ili ienee ndani ya kopo la biskuti na kusalimika na mchwa. Wahaya waliokwenda Buganda kwa biashara na kazi walijifunza kusoma huko, na kwa kuwa Kihaya na Kiganda ni lugha za ndugu, kurasa hizo hazikuwa ngeni sana masikioni mwa waliobaki nyumbani. Hata hivyo zilikuwa ngeni kiasi cha kumfanya msomaji ajisikie kuwa amesafiri bila kuondoka kijijini. Wengi walipobatizwa walichukua majina ya Biblia kwa matamshi ya Kiganda, na baadhi ya majina hayo yamedumu katika familia hadi vizazi vya sasa.

Lakini mtu huyo aliyeitwa msomaji alikuwa tayari na jina kabla ya kitabu kumfikia. Mhaya alijulikana kwa ukoo wake na kwa mwiko wa ukoo huo, yaani omuziro. Alijulikana kwa kibanja, shamba la migomba na kahawa, ambamo baba zake walizikwa. Alijulikana pia kwa maagano aliyofunga, hasa omukago, undugu wa damu, ambapo watu wawili walimezeshana punje ya kahawa iliyopakwa damu, na tangu siku hiyo wakawa na haki na wajibu kama waliozaliwa tumbo moja. Aliyevunja agano hilo aliogopwa kuliko mwizi.

Hapo ndipo lilipokuwa jaribu la kweli. Msomaji aliyekataa kushiriki tambiko hakukataa imani tu. Machoni pa ndugu zake alikuwa amejitoa katika mnyororo unaowaunganisha walio hai na waliolala chini ya migomba. Je, arithi kibanja? Nani atamzika? Wamisionari wengi waliuona ukoo kuwa kizuizi cha Injili. Hawakukosea kabisa, kwa kuwa mambo kama kurithi wajane yaliwafunga wengi. Lakini hawakuona vya kutosha kwamba ukoo ulikuwa umewafundisha Wahaya, karne nyingi kabla ya mahubiri ya kwanza, kwamba mtu hawi mtu peke yake, na kwamba agano la damu halichezewi. Mhaya aliyefahamu omukago alikuwa na njia ya kuifikia Meza ya Bwana ambayo mwalimu wake Mjerumani hakuwa nayo.

Vita Kuu ya Kwanza iliwapima wasomaji hao. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliitwaa Bukoba, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Sharika changa ziliachwa mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Msaada ulikuja kutoka kwa Waanglikana wa Uganda, na baadaye, kwa muda katika miaka ya 1920, kutoka kwa Wamethodisti wa Wesley, kabla Betheli kuruhusiwa kurudi. Vita ya Pili ilipoleta pigo kama hilo, Kanisa la Uswidi lilishika nafasi. Mkristo aliyezaliwa mwaka 1905 aliweza kulelewa na mikono minne tofauti kabla hajafikia uzee. Kilichobaki naye muda wote huo kilikuwa kitabu, wimbo na wale aliosoma pamoja nao.

Kisha ukaja uamsho. Moto ulioanzia Rwanda na Uganda ulifika Buhaya mwishoni mwa miaka ya 1930, nao ulibadili namna mtu anavyojisimulia. Hadi hapo Mhaya alipojieleza alitaja ukoo na baba zake. Sasa alisimama mbele ya kusanyiko na kusimulia maisha yake mwenyewe: alichoiba, aliyemchukia, siku aliyosamehewa. Ushuhuda ulikuwa fasihi mpya, na haikuhitaji karatasi. Ulipatanisha maadui. Ulifarakanisha nyumba pia, maana waliookoka waliitana ndugu kwa neno lile lile la undugu wa ukoo, na wazee waliosikia neno lao likichukuliwa waliumia. Kuficha hilo katika kitabu cha sherehe si haki.

Aliyeyabeba yote haya ndani ya nafsi moja ni Josiah Kibira. Alizaliwa mwaka 1925, akakua katika jamii ya wasomaji, akaguswa na uamsho akiwa kijana, akasoma Betheli nchini Ujerumani na Boston nchini Marekani. Mwaka 1964 alimrithi Bengt Sundkler wa Uswidi kuwa askofu, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo. Alipoandika kitabu cha kitaalamu, kilichotoka mwaka 1974, hakuchagua mada ya Ulaya. Aliandika juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu. Mtu aliyekwenda mbali kiasi hicho alirudi kwenye swali la kibanja cha nyumbani. Alifariki mwaka 1988.

Wakati huo swali hilo lilikuwa limepata uchungu mpya. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Katika miaka iliyofuata nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu tu. Mtoto aliyefiwa na wazazi hakupoteza chakula na ada pekee, alipoteza pia wale ambao wangemwambia yeye ni nani: omuziro wake, mipaka ya kibanja, jina la babu na sababu ya jina hilo. Ukoo ulielemewa, na wazee wa kanisa, ambao babu zao walikuwa wameshutumiwa kwa kuuacha ukoo, mara nyingi ndio waliobaki kushuhudia haki ya yatima mbele ya wajomba na baba wadogo.

Nchini Uganda, kule kule kitabu cha kwanza kilikotoka, akina mama walioishi na virusi walianza katika miaka ya 1990 kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Mama aliandika kwa mkono wake mahali mtoto alipozaliwa, neno la kwanza alilotamka, baba yake alikuwa mtu wa namna gani, ni wa ukoo gani, na yeye mama aliamini nini. Akakifunga, akakihifadhi mahali ambapo mtoto angekikuta.