Madaraja 18, mto hakuna



Ukifungua ramani ya Valencia, mji wa tatu kwa ukubwa kule Hispania, macho yanakutana na kitu ambacho hakieleweki mara moja. Mstari wa kijani unakata mji kutoka magharibi hadi karibu na bahari ya Mediterania, urefu wa karibu kilomita 9, na juu ya mstari huo kuna madaraja 18. Mengine ni ya beto na chuma, ya juzi juzi tu. Mengine ni ya mawe. Lile la Trinidad ni la mwaka 1402. Daraja linajengwaka juu ya maji, hilo hata mtoto anajua. Lakini chini ya haya yote hakuna mto. Kuna michungwa, mitende, viwanja vya mpira, watu na baiskeli zao. Mto wenyewe, Turia, uko kusini, nje ya mji wa zamani, kwa sababu watu waliuhamisha.

Nilifika kule kwa mafunzo mafupi ya umwagiliaji, na siku za mapumziko nilikuwa natembea ndani ya hiyo bustani kwa miguu. Watalii wanaisifu kwa uzuri, na kweli ni nzuri. Mimi nilisomea udongo na maji, kwa hiyo swali langu lilikuwa lingine, lile ambalo mkulima yeyote wa Kivu angeuliza: mto ukifukuzwa unaenda wapi, na nani anakaa kule unakoenda?

Tuanze mbali kidogo. Waislamu walitawala Valencia kwa karne tano, hadi mwaka 1238, na maji ya kule bado yanasema Kiarabu. Jina la zamani la mto, Guadalaviar, linaelezwa kuwa ni wadi al-abyad, mto mweupe. Ziwa lililo kusini ya mji linaitwa Albufera, kutoka al-buhayra, bahari ndogo. Sikilizeni vizuri: ni shina lile lile lililotupatia neno letu bahari. Mhispania na Mswahili wamekopa kwa tajiri mmoja. Mifereji inayonywesha mashamba ya kandokando ya mji inaitwa acequia, nalo pia ni neno la Kiarabu. Uwanda wote ule wa bustani za mboga, michungwa na mpunga unaishi kwa mifereji hiyo.

Mifereji ina hakimu wake. Kila siku ya ine, saa sita ya mchana, wakulima 8 wanakutanaka mbele ya mlango wa kanisa kuu la mji, wamevaa kanzu nyeusi. Kila mmoja amechaguliwa na watu wa mfereji wake. Mtu aliyeiba zamu ya maji, au aliyeacha maji yamwagike kwa jirani, anaitwa pale, anasikilizwa kwa mdomo, anahukumiwa kwa mdomo. Hakuna avoka, hakuna makaratasi mengi. Ni Tribinali ya Maji, na mwaka 2009 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Siku nilipokwenda mimi waliita mifereji yote, mmoja mmoja, hakuna mshitakiwa aliyetokea, na kila mtu akarudi nyumbani. Ilichukua dakika chache tu. Watalii walinung'unika. Mimi nilifurahi: tribinali ambayo haina kesi ni tribinali inayofanya kazi.

Bon. Maji kidogo yalikuwa na sheria kwa mamia ya miaka. Maji mingi njo ilikosa sheria.

Mvua ya Mediterania ina tabia mbaya. Valencia inapata kama milimita 450 kwa mwaka mzima, ambayo kwetu Bukavu ingekuwa ukame wa kutisha. Lakini mwisho wa kiangazi bahari inakuwa bado na joto, na hewa baridi ikikuja kukaa juu yake, mvuke wote unashuka kwa saa chache, mahali pamoja, kama mtu aliyemwaga ndoo. Turia, ambao miezi mingi ulipita mjini kama kijito kwa sababu mifereji ilikuwa imeshachukua maji yake huko juu, unageuka mnyama. Mwaka 1949 ulichukua watu wengi waliokuwa wamejenga vibanda ndani ya njia ya mto, maskini waliokosa mahali pengine pa kulala baada ya vita. Kisha ikaja tarehe 14 Oktoba 1957. Mto ulipanda mara mbili kwa siku moja. Mara ya pili ilikadiriwa mita za ujazo 3,700 kwa kila sekunde. Hesabu rasmi ilisema watu 81 walikufa. Karitie ya Nazaret, kule mto unapoingia baharini, iliumia kuliko nyingi.

Hispania ilikuwa chini ya Franco. Msaada ulichelewa. Meya wa mji, Tomás Trénor, alilalamika hadharani juu ya ucheleweshaji huo, na mwaka 1958 akafukuzwa kazi. Mkurugenzi wa gazeti la Las Provincias, Martín Domínguez, naye akapoteza kiti chake. Lakini kelele yao ilisaidia. Serikali ilikubali mpango mkubwa ulioitwa Plan Sur, mpango wa kusini: kuchimba njia mpya ya mto nje ya mji, kama kilomita 12, upana wa karibu mita 200, yenye uwezo wa kupitisha mita za ujazo 5,000 kwa sekunde. Kazi ilimalizika mwaka 1969.

Nani alilipa? Serikali, ndiyo, na mji. Lakini pia kila mtu aliyetuma barua kutoka Valencia. Ilibidi abandike tembre ya ziada ya sentimo 25, imeandikwa jina la mpango, na jambo hilo liliendelea mpaka miaka ya 1980, muda mrefu baada ya mfereji kumalizika. Mvulana akiandikia mchumba wake, analipia mto. Mimi tembre hiyo naipenda, kwa sababu angalau ilikuwa inaonekana. Malipo mengine hayakubandikwa popote: mashamba ya upande wa kusini. Njia mpya ilipita katikati ya udongo bora wa mpunga na mboga, ardhi iliyonyweshwa na kutiwa samadi na vizazi vya watu. Wakulima walinyang'anywa viwanja kwa sheria ya manufaa ya umma, mifereji ikakatwa, nyumba za mashambani zikabomolewa. Ukisimama leo kwenye ukingo wa hiyo njia mpya, unaona sakafu pana ya mawe na vichaka, kavu siku nyingi za mwaka. Kama agronomu, nilihesabu kichwani ni tani ngapi za mboga zingetoka pale, halafu nikaacha kuhesabu.

Sasa mji ulibaki na njia ya mto isiyo na mto. Wakubwa walijua la kufanya nayo: otoruti. Magari yatoke barabara ya Madrid, yapite chini ya madaraja ya mawe, yafike bandarini. Miaka ya 1970 hiyo ilionekana kuwa maendeleo yenyewe. Wenyeji walikataa. Kilio chao, kwa lugha ya Kivalencia, kilisema kwamba njia ya mto ni yao na wanaitaka iwe ya kijani. Las Provincias, gazeti lile lile lililopoteza mkurugenzi wake, liliwaunga mkono. Wakati huo huo watu walikuwa wanapigania pia msitu wa El Saler, ulio kati ya Albufera na bahari, usijengwe mahoteli. Franco alikufa Novemba 1975. Mwaka 1976 mfalme Juan Carlos alikabidhi njia ya zamani ya mto kwa mji. Mchoraji Ricardo Bofill alipewa kazi ya kupanga bustani, na vipande vya kwanza vilifunguliwa mwaka 1986. Mwaka huo huo Albufera na mashamba yake ya mpunga, zaidi ya hekta 21,000, ilitangazwa kuwa hifadhi.

Wengine wanaipenda sehemu ya chini ya bustani, kule majengo meupe ya Calatrava. Mimi yalinichosha haraka. Jua linagonga pale kama kwenye bati. Sehemu yangu ni ile ya juu kabisa, mwanzo wa bustani upande wa magharibi, inayoitwa Cabecera, maana yake kichwani. Ilifunguliwa mwaka 2004. Pale waliamua kukumbuka mto kwa kuurudisha kidogo: wakachimba ziwa, wakaweka kilima cha udongo, wakapanda miti ya kando ya maji na matete, ili mtu aone Turia ulivyokuwa kabla ya kuhamishwa. Bata wanazunguka, na mashua za kukanyaga kwa miguu zenye sura ya ndege mwenye shingo ndefu. Kando yake kuna bustani ya wanyama wa Afrika, yenye hata gorila. Sikuingia. Mtu wa Bukavu, jirani ya Kahuzi-Biega, alipe euro aone gorila Valencia? Mama angenicheka.

Nilikaa sana kwenye kile kinamasi kidogo. Kimefanywa vizuri: maji ya kina kifupi ukingoni, matete, kivuli, vyura jioni. Lakini ni kinamasi cha kumbukumbu. Hakibebi mafuriko ya mtu yeyote. Maji yake yanakaa mahali yaliposimamishwa, na mto wa kweli unapita nyuma ya mji. Kinamasi kinachofanya kazi ni Albufera, na hiyo niliielewa vizuri nilipouliza watu juu ya tarehe 29 Oktoba 2024.

Siku ile, kituo cha Turís, magharibi ya Valencia, kilipima milimita 771 kwa saa 24. Rudini juu mlinganishe na zile 450 za mwaka mzima. Mji wa Valencia wenyewe, ndani ya mipaka yake ya zamani, haukuingiwa na maji. Njia mpya ya Turia ilishika. Bustani ilibaki kavu, madaraja 18 yakabaki juu ya majani. Lakini kusini ya njia mpya kuna bonde lingine, la Poyo, ambalo karibu kila siku halina maji hata ya kuosha miguu. Saa 18:55 chombo cha kupima kilisoma mita za ujazo 2,282 kwa sekunde ndani ya bonde hilo, halafu maji yakakibeba chombo chenyewe. Tahadhari kwenye simu za watu ilifika saa 20:11. Paiporta, Catarroja, Alfafar, Sedaví: miji iliyojaa wafanyakazi, nyumba za ghorofa, gareji za chini ya ardhi. Zaidi ya watu 220 walikufa katika jimbo la Valencia.

Kuna wanaosema eti mji ulijiokoa kwa kuwatupia watu wa kusini maji yake. Hapana, tuwe waangalifu. Maji ya Poyo hayakuwa maji ya Turia. Yanashuka kwenye milima yake mwenyewe, na yangeshuka hata kama mto usingehamishwa. Lililo kweli ni zito vilevile. Mji mkubwa ulilia mwaka 1957 ukapata mfereji ndani ya miaka 12. Miradi ya kutengeneza Poyo iliandikwa, ikajadiliwa, ikabaki kwenye karatasi, huku miji ya kusini ikiendelea kukua juu ya uwanda ambao maji yalikuwa yanautumia tangu zamani. Sisi tuliosikia habari ya Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe, Mei 2023, hatuhitaji mtu atufafanulie jinsi bonde kavu linavyosahauliwa.

Poyo unaishia Albufera. Yote yaliyobebwa siku ile, matope, magari, milango, friji, yalielekea kule, na wiki nyingi watu walitafuta maiti ndani ya matete. Mpunga ulikuwa umeshavunwa. Mashamba yalikuwa wazi, na yakapokea. Mkulima mmoja, mzee mwenye umri wa baba yangu, alinionyesha shamba lake: alikuwa ameokota plastiki na vioo kwa mkono, kipande kwa kipande, kabla ya kuruhusu trakta iingie. Aliniuliza kwetu tunapanda mpunga wa aina gani, nikamweleza habari ya Uwanda wa Ruzizi, akataka kujua kama maji tunayagawa kwa zamu. Tuliongea juu ya zamu kuliko juu ya mafuriko.

Siku yangu ya mwisho nilikwenda La Torre. Ni sehemu ya Valencia, inapiga kura kwa meya yule yule, lakini iko ng'ambo ya kusini ya njia mpya. Kule watu walikufa. Ili kufika unavuka daraja jembamba la watembea kwa miguu, na ni pale, siku za kwanza za Novemba 2024, maelfu ya watu wa mji walipita na koleo, mifagio na ndoo, wengi wao vijana wa rika letu, kwenda kutoa matope kwenye nyumba za watu wasiowajua. Sasa linaitwa Daraja la Mshikamano. Halimo kwenye yale 18. Nilivuka asubuhi, chini yangu mawe makavu, na upande wa pili, kwenye kuta ambazo hazijapakwa rangi upya, mstari wa matope ulikuwa unanifikia kifuani.