Kasia, Usukani na Pezi la Silikanti

Injini ya mtumbwi ikizimika karibu na mawe, mvuvi wa mwalo wa Nkome, Geita, hahangaiki tena na mkono wa injini. Anashika kasia. Usukani hupata nguvu kwa maji yanayoupita. Chombo kikisimama, unabaki ubao tu. Tena nguvu hiyo hupungua kwa kasi: mwendo ukishuka hadi nusu, nguvu hubaki robo.

Hapo ndipo watengenezaji wa nyambizi ndogo wamekwama tangu zamani. Cornelius Drebbel, aliyezamisha chombo chake katika mto Thames mwaka 1620, alikiendesha kwa makasia. Turtle ya David Bushnell, nyambizi ya mtu mmoja ya mwaka 1775, ilikuwa na usukani nyuma na rafadha ya kuzungushwa kwa mkono. Ilipopelekwa vitani New York, Septemba 1776, maji yalimsomba mwendeshaji akazipita meli alizozikusudia, ikabidi apambane kurudi. John Holland aliifunga nyambizi yake ya 1897 mapezi ya kulala mkiani, iinamishe pua na kuzama. Mpinzani wake Simon Lake aliyaweka ubavuni, chombo kishuke bila kuinama. Mapezi ya wote wawili yalitaka mwendo.

Lakini anayetaka kuchungulia pango hataki mwendo. Anataka kutulia palepale.

Januari 1987, huko Ngazija, Comoro, nyambizi ya watu wawili iitwayo GEO, ya mtafiti Mjerumani Hans Fricke, ilishuka kumtafuta silikanti, samaki ambaye Wakomoro humwita gombessa. Uwezo wa GEO ulikuwa mita 200 tu. Samaki walionekana kati ya mita 117 na 198. Ilijigeuza kwa rafadha ndogo za umeme, na mbele ya taa zake akaelea kiumbe aliyelimaliza tatizo lilelile mamilioni ya miaka kabla yetu. Profesa J.L.B. Smith aliamini kwamba silikanti hutambaa chini kwa mapezi yake manene. Hakutambaa. Alielea, akiyapeleka mapezi kwa zamu, la kifua upande wa kushoto pamoja na la tumbo upande wa kulia, kama mbuzi anavyotembea. Mara nyingine alisimama kichwa chini, akatulia. Mkia aliuweka akiba kwa ajili ya kukurupuka.

Mimi naona mwendo ule ni darasa kubwa kuliko michoro mingi ya usukani.

Mwaka 1989 ikafuata nyambizi JAGO, ya kufika mita 400, ikawakuta silikanti mchana wamejibanza pamoja mapangoni. Kwetu Tanzania, tangu 2003, jarife za wavuvi zimewanasa wengi, hasa pwani ya Tanga, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Pezi la silikanti lina mifupa na misuli ndani yake, kama mkono, na hugeuka kuliko kasia lolote. Kwenye jarife, pezi hilohilo ndilo linalonasa.