Sauti za Wazee na Kompyuta Kuukuu: Kisa cha Chatsworth

Historia ya Wazanzibari wa Durban kwa kawaida huanza na meli. Mwezi Agosti 1873, miezi miwili tu baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja, manowari ya Kiingereza iitwayo Briton ilishusha katika bandari ya Natal watu 113 waliokombolewa utumwani. Wengi wao na wa waliowafuata walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini jina la Wazanzibari likawaganda. Waislamu miongoni mwao walikaa King's Rest, upande wa Bluff, mpaka sheria ya ubaguzi wa makazi ya mwaka 1950 ilipowafikia. Mwaka 1961 serikali iliwaandika kuwa "Waasia Wengine", na katika miaka hiyo wakahamishiwa Bayview, Chatsworth, mtaa uliojengwa kwa ajili ya Wahindi.

Nyumba walilazimika kuziacha. Walichohama nacho ni Kimakua chao, dini yao, na yale yanayosemwa na kuimbwa kwa mdomo. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki miaka mingi baadaye tunaielewa vizuri hali hiyo, kwani nasi tulikuja na masanduku mepesi na kanda za kaseti: taarabu, maulidi, harusi, na salamu za wazazi waliorekodiwa sebuleni. Wengi wa waliorekodiwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na watoto wetu wamezoea Kiingereza na Kizulu. Kanda ikikatika, imekatika pamoja na aliyesema.

Kwa bahati nzuri, kuiokoa kanda hakuhitaji mashine ya bei kubwa. Tupige hesabu kidogo. Sauti ya kiwango cha sidii hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kwa biti 16, katika njia mbili. Hiyo ni kama megabaiti 10 na nusu kwa dakika, na kaseti ya saa moja huchukua takriban megabaiti 635. Zamani huo ulikuwa mzigo mzito kwa diski. Wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani, pamoja na wenzao, walitafuta njia ya kuondoa yale ambayo sikio haliyatambui, na mwaka 1995 faili hizo zikapewa jina la MP3. Kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, kaseti ileile hushuka hadi megabaiti 58 hivi.

Hapo ndipo kompyuta za kawaida zilipoingia kazini. Pentium ya megahezi 100, ambayo leo watu huitupa jalalani, iliweza kucheza MP3 bila kukwama, na programu ya Winamp ilipotoka mwaka 1997 kazi ikawa rahisi zaidi. Mwaka 1998 kikatoka kichezea muziki cha mfukoni cha MPMan kutoka Korea Kusini, chenye megabaiti 32, yaani upande mmoja tu wa kaseti ya saa moja. Mwaka 2001 iPod ya kwanza ilibeba gigabaiti 5 na kucheza saa 10 kwa chaji moja. Utengenezaji wa iPod ulikoma mwaka 2022, lakini zilizobaki hazikunyamaza. Katika miaka ya mgao wa umeme, uliofikia kilele mwaka 2023, kifaa cha namna hiyo kiliendelea kuimba gizani bila intaneti na bila malipo ya kila mwezi.

Hata hivyo, tusichanganye kusikiliza na kuhifadhi. MP3 inafaa kusikilizwa, ila kilichoondolewa humo hakirudi tena. Kwa sauti ya bibi anayesema Kimakua, hifadhini nakala kamili isiyobanwa, kisha toeni MP3 ya kusikiliza. Kompyuta kuukuu yenye tundu la kuingizia sauti inatosha kurekodi kutoka kwenye redio kaseti, na ni salama zaidi ikiwa haiunganishwi na intaneti. Lakini diski yake ni ya zamani na siku moja itakufa, kwa hiyo nakala ziwe tatu, na moja ikae nyumba nyingine.

Waswahili husema, mali bila daftari huisha bila habari. Faili iitwayo "wimbo 7" haitamsaidia mjukuu yeyote. Andikeni nani anasema, kwa lugha gani, wapi na mwaka gani, na mwandike sasa, maadamu bado yupo mzee wa kuulizwa.