Kasi ya kupanuka kwa ulimwengu: ubishi wa karibu karne nzima

Kadiri galaksi inavyokuwa mbali nasi, ndivyo inavyozidi kujitenga kwa kasi. Kasi ya kupanuka huko hutajwa kwa kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki moja, ambayo ni miaka nuru takriban milioni 3.26. Mwaka 1929 mwanaastronomia Edwin Hubble, akiwa kwenye kituo cha darubini cha Mount Wilson, California, alipata kama 500.

Jibu hilo lilikuwa na kasoro ya wazi. Ulimwengu unaopanuka hivyo ungekuwa na umri wa miaka bilioni 2 hivi, na muda si mrefu wanajiolojia wakawa wanaipa Dunia umri mkubwa zaidi. Mtoto hawezi kumzidi mama umri.

Tatizo lilikuwa kwenye umbali. Hubble alitegemea Sefeidi, nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu. Mwaka 1912 Henrietta Leavitt alionyesha kwamba yenye mzunguko mrefu zaidi huwa angavu zaidi, hivyo ung'avu halisi ukilinganishwa na unaoonekana, umbali hujulikana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, taa za Los Angeles zikiwa zimefifishwa kwa kuhofia mashambulizi, Walter Baade alilitumia giza hilo kuzichambua nyota za galaksi ya Andromeda. Mwaka 1952, mjini Roma, alieleza kuwa Sefeidi ni za aina mbili, nazo zilikuwa zimechanganywa. Umbali ukaongezeka maradufu, kasi ikashuka kwa nusu. Allan Sandage aliishusha hadi kama 75 mwaka 1958.

Hata hivyo, miaka ya 1970 Sandage na Gustav Tammann walishikilia 50 na ushei, Gérard de Vaucouleurs akang'ang'ania 100, na hakuna aliyelegeza. Darubini ya anga ya Hubble ndiyo iliyoleta jibu la katikati: mwaka 2001 kundi la Wendy Freedman lilitoa 72, likikiri uwezekano wa kukosea kwa 8.

Ubishi wa leo una pengo dogo lakini ni mzito zaidi. Mwaka 2018 satelaiti ya Planck ilitoa 67.4, mwaka 2022 kundi la Adam Riess, kwa Sefeidi na nyota zilipukazo, likapata 73.04. Planck haikupima galaksi. Ilisoma mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa na miaka takriban 380,000, kisha nadharia ya jinsi ulimwengu ulivyobadilika tangu hapo ikatumika kukokotoa kasi ya leo. Kama vipimo vyote viwili ni sahihi, basi nadharia yenyewe ina upungufu.

Darubini ya Webb, iliyorushwa Desemba 2021, imezikagua upya Sefeidi hizo na kuthibitisha vipimo vya Riess. Freedman, akitumia pia nyota za aina nyingine, anapata karibu 70, na haoni bado sababu ya kuibadili nadharia.