Minyororo, Nyimbo na Biskuti: Vijana Wanapouza, Wanauza Nini Hasa?

Kamati mpya ya klabu ya wanafunzi inapokaa kikao chake cha kwanza, ajenda ya fedha haikwepeki. Klabu ya mijadala inataka nauli ya kwenda mashindanoni, klabu ya mazingira inataka miche, chama cha wanafunzi wa sheria kinataka kuchapa jarida. Ada za wanachama hazitoshi. Ndipo linapoulizwa swali ambalo wengi huliona dogo: tuuze nini? Mmoja hupendekeza fulana, mwingine kalenda, mwingine maandazi na juisi siku ya mahafali. Mjadala huishia kwenye hesabu ya faida, kisha kikao kikaendelea na ajenda nyingine.

Makala haya yanadai kwamba swali hilo si dogo hata kidogo. Bidhaa ambayo kikundi cha vijana hukichagulia chama chao huamua mambo mengi kuliko kiasi cha fedha kitakachoingia mfukoni. Huamua nani atafanya kazi, nani atajifunza nini, na baada ya miaka kadhaa, nani mwenye kauli ya mwisho ndani ya chama. Historia inayo mifano ya kutosha. Nitachukua mitatu: miwili ya Marekani, na mmoja wa hapa kwetu, Mlimani.

Tuanze Nashville, katika jimbo la Tennessee. Januari 1866, miezi michache baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe kumalizika, shule ya watu waliokuwa wametoka utumwani ilifunguliwa katika majengo ya mbao yaliyokuwa hospitali ya jeshi la Muungano. Ilipewa jina la Jenerali Clinton B. Fisk, na leo ni Chuo Kikuu cha Fisk. Wanafunzi walikuja, wazee kwa watoto, wakiwa na kiu ya kusoma, lakini vitabu havikuwapo. Masimulizi ya mwanzo ya chuo hicho yanaeleza kwamba pingu na minyororo yenye kutu kutoka katika zizi la zamani la watumwa mjini humo iliuzwa kama chuma chakavu, na fedha zake zikanunua Agano Jipya na vitabu vya kujifunzia tahajia. Chuma kilichowafunga wazazi kikawafundisha watoto kusoma.

Minyororo iliisha, madeni hayakuisha. Kufikia mwaka 1871 majengo yalikuwa yakioza, na wamisionari waliokianzisha chuo walikuwa wakifikiria kukifunga. Mweka hazina wake, George L. White, ambaye pia alifundisha muziki, alijiuliza swali lile lile la kamati zetu: tunacho nini kinachoweza kuuzwa? Jibu lake lilikuwa sauti za wanafunzi. Tarehe 6 Oktoba 1871 aliondoka Nashville na waimbaji tisa, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani. Mpiga piano wao na msaidizi wa White alikuwa Ella Sheppard.

Hapa ndipo historia inapokuwa na mafunzo. Mwanzoni vijana wale waliuza bidhaa ya kuazima. Waliimba nyimbo ambazo kumbi za Wazungu zilizizoea, na waliziimba vizuri. Hata hivyo mapato yalikuwa haba, na baadhi ya hoteli ziliwakataa kwa sababu ya rangi yao. Walipopata fedha zao za kwanza huko Ohio, zisizofikia dola 50, walizitoa zote kwa watu walioathiriwa na moto mkubwa wa Chicago wa mwezi ule ule. Ziara iliyokusudiwa kulipa deni ilikuwa inaelekea kuongeza deni jingine.

Lakini walikuwa na nyimbo nyingine, zile ambazo wazazi wao waliziimba mashambani na katika ibada za siri. Ella Sheppard alieleza baadaye kwamba hawakuwa wamefikiria kuziimba hadharani: zilifungamana na utumwa, na kwa wazazi wao zilikuwa takatifu. Kulikuwa pia na hofu nyingine. Wakati ule burudani iliyopendwa sana Marekani ilikuwa ile ya Wazungu waliojipaka masizi usoni ili kuwadhihaki Weusi kwa nyimbo na ngoma. Kijana Mweusi aliyepanda jukwaani na kuimba nyimbo za mashambani angeweza kudhaniwa kuwa sehemu ya dhihaka hiyo. Kwa hiyo kuchagua bidhaa lilikuwa suala la heshima kabla ya kuwa suala la soko.

Walizitoa polepole. Novemba 1871, katika mkutano wa makanisa huko Oberlin, waliimba wimbo wa watumwa na ukumbi ukatulia kuwasikiliza. Desemba walialikwa katika kanisa la mhubiri mashuhuri Henry Ward Beecher huko Brooklyn. Wakajiita Jubilee Singers, jina linalotokana na mwaka wa maachilio katika Biblia. Mwaka 1872 nyimbo zao zilichapwa kitabuni pamoja na noti zake, na kitabu hicho nacho kikawa bidhaa ya kuuzwa kwenye maonyesho. Ziara ya kwanza ilileta dola 20,000. Mwaka 1873 walivuka bahari hadi Uingereza, wakaimba mbele ya Malkia Victoria. Tarehe 1 Januari 1876 lilizinduliwa jengo la Jubilee Hall, ambalo limesimama hadi leo.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ushindi, na kwa sehemu ni ushindi. Bidhaa yao ilibeba ukweli wao wenyewe: mnunuzi hakuweza kuinunua bila kusikia utumwa ulikuwa nini. Lakini tusiufiche upande wa pili. Bidhaa ile ilikuwa miili na sauti za wanafunzi. Masomo yao yalikatizwa, wengine waliugua, na mwaka 1878 kundi lilivunjika likiwa limechoka. Deni la taasisi lilikuwa limewekwa juu ya mabega ya vijana, na waliolilipa hawakuwa wamelikopa. Kila kiongozi wa chuo anayewatuma wanafunzi kutafuta fedha kwa ajili ya mahitaji ambayo ni wajibu wa taasisi angefaa kuusoma mwisho wa hadithi hii, asiishie kwenye picha ya jengo.

Mfano wa pili ni wa upole zaidi kwa sura, nao unatuonyesha njia tofauti ya kupotea. Chama cha wasichana cha Girl Scouts kilianzishwa na Juliette Gordon Low huko Savannah, Georgia, tarehe 12 Machi 1912. Desemba 1917, kikundi kimoja cha mji wa Muskogee, Oklahoma, kilioka biskuti na kuziuza katika mkahawa wa shule ya sekondari. Julai 1922, jarida la chama lilichapisha maelekezo ya kuoka yaliyoandikwa na Florence E. Neil wa Chicago. Viungo vya dazani sita au saba viligharimu senti 26 hadi 36, naye alipendekeza kila dazani iuzwe kwa senti 25 au 30. Msomaji na apige hesabu mwenyewe: dazani moja au mbili zilirudisha mtaji wote, zilizobaki zikawa faida.

Hesabu hiyo ilikuwa nzuri, lakini uzuri wa bidhaa ulizidi hesabu. Msichana wa miaka kumi aliweza kuifanya kazi yote, tangu kununua unga hadi kubisha hodi kwa jirani. Alijua kila kilichomo ndani ya biskuti kwa sababu alikichanganya kwa mkono wake. Kama siagi ilipanda bei, aliijua habari hiyo dukani. Kama jirani alilalamika kwamba biskuti ni ngumu, lawama ilikuwa yake, na dawa pia ilikuwa yake.

Mafanikio yakaleta mahitaji makubwa. Mwaka 1934 tawi la Philadelphia lilianza kuuza biskuti zilizookwa kiwandani, na mwaka 1936 makao makuu yakaanza kutoa leseni kwa viwanda vya kuoka biskuti kwa jina la chama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili sukari, unga na siagi vilipoadimika, wasichana waliuza kalenda badala ya biskuti. Vita vilipokwisha, viwanda vikarudi na vikabaki. Leo ni viwanda viwili tu vyenye leseni hiyo. Fedha zinazobaki baada ya kuvilipa huendelea kutumika katika matawi na vikundi vya mahali, na hakuna anayeweza kukana kwamba msichana anayesimama mbele ya mteja asiyemfahamu hujifunza ujasiri na hesabu. Hata hivyo kazi yake imebadilika. Zamani alikuwa mtengenezaji na mwuzaji. Sasa ni mwuzaji wa kitu kilichotengenezwa na mwingine.

Tofauti hiyo ilijitokeza wazi mwaka 2007. Skauti wawili wa jimbo la Michigan, wasichana wadogo waliokuwa wakifanya mradi kuhusu orangutani, waligundua kwamba misitu ya wanyama hao kusini-mashariki mwa Asia inakatwa ili kupanda michikichi, na kwamba mafuta ya mawese yamo ndani ya biskuti walizokuwa wakiziuza wao wenyewe. Mwenzao wa mwaka 1922 angebadilisha mafuta jioni ile ile. Wao walilazimika kuandika barua, kukusanya saini na kuendesha kampeni ya miaka. Septemba 2011 makao makuu yalikubali kuchukua hatua: viwanda vitakiwe kupunguza mawese pale inapowezekana, na zinunuliwe hati za kuunga mkono kilimo cha mawese kisichoharibu misitu. Mwishoni mwa 2020, uchunguzi wa shirika la habari la Associated Press uliihusisha biashara hiyo hiyo ya mawese na ajira ya watoto mashambani huko Asia. Watoto wanauza upande mmoja wa dunia, watoto wanavuna upande mwingine, na kati yao umepita mnyororo mrefu wa makampuni ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuchagua.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliunda umoja wa kimapinduzi uliojulikana kwa kifupi kama USARF, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni. Ulikuwa pia mwaka wa waraka wa Mwalimu Nyerere wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka shule ziwe pia mahali pa uzalishaji na zisiwe mahali pa kula tu. Novemba 1969, umoja huo pamoja na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU chuoni ulitoa toleo la kwanza la jarida la Cheche. Miongoni mwa wahariri walikuwamo Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Wanafunzi waliandika, walipiga chapa kwenye stensili, walirudufu, walibana kurasa kwa mikono yao, kisha wakauza. Mwaka 1970 toleo maalumu lilibeba uchambuzi wa Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka nchini, na mjadala wake ukavuka mipaka ya chuo.

Cheche haikuwa bidhaa ya kuleta utajiri. Lakini tuilinganishe na biskuti ya kiwandani. Hapakuwa na mwenye leseni wa kuombwa ruhusa, wala kiungo kilichofichwa. Kila aliyeiuza angeweza kuitetea kila sentensi yake, au kuipinga katika toleo lijalo. Udhaifu wake mmoja ulikuwa lugha. Jarida lililotetea mkulima na mfanyakazi liliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mkulima na mfanyakazi hawakuwa miongoni mwa wanunuzi wake. Bidhaa huchagua wateja kabla wateja hawajaichagua. Novemba 1970 serikali iliufunga USARF pamoja na Cheche. Kwamba dola iliona haja ya kufunga jarida la kurudufiwa kwa mkono ni ushahidi wa uzito wa kitu kilichokuwa kikiuzwa. Sijasikia kalenda iliyowahi kufungiwa.

Kutokana na mifano hii, kamati ya klabu inaweza kujiuliza maswali matatu kabla ya kufungua kikokotoo. La kwanza: je, tunaweza kueleza kila kilichomo ndani ya bidhaa hii na kila mkono uliopitia? La pili: mwanachama atakayeiuza atatoka akijua jambo gani ambalo hakulijua, zaidi ya kushawishi? La tatu, na ndilo zito: tukitaka kuibadilisha kesho, tutamwomba nani ruhusa? Fulana za bure zenye nembo ya kampuni mgongoni hulifeli swali la tatu papo hapo. Kampuni haijatoa sadaka, imenunua migongo ya wanachama kwa bei nafuu, na mwaka ujao ndiyo itakayoamua mgeni rasmi ni nani na mada gani isiguswe.

Maandazi yanaweza kufaulu maswali yote matatu, ikiwa wanachama wenyewe ndio wanaokanda unga. Kitabu kidogo cha insha za wanafunzi kwa Kiswahili kinaweza kufaulu zaidi. Miche iliyooteshwa na klabu ya mazingira katika bustani ya chuo inafaulu, na mnunuzi anaondoka na sababu ya klabu kuwapo, ikiwa ndani ya mfuko wa udongo. Faida yake huenda ikawa ndogo kuliko ya bidhaa ya jumla iliyonunuliwa mjini. Lakini klabu inayopata kidogo kwa kitu chake inaweza kusema inachotaka siku ya mkutano mkuu.

Kwa wenzangu walio serikalini na katika ofisi za ushauri wa wanafunzi, nina ombi moja. Taratibu zetu huuliza klabu itauza wapi, lini na kwa kibali cha nani. Ni mara chache zinauliza nani amekitengeneza kitu hicho na nani atanufaika. Tukianza kuyauliza hayo, tutakuwa tumewafundisha vijana uchumi wa kisiasa bila kuhitaji ukumbi wa mihadhara.